Fuata Ratiba ya Mwalo: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege Ufukoni mwa Ziwa Viktoria, Septemba hadi Novemba

Uganda haina bahari, lakini ina ziwa ambalo ukisimama Entebbe na kutazama kusini huoni ng'ambo. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na kwenye kingo zake upande wetu imejipanga mialo, yaani vituo ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga: Ggaba, Kasenyi, Kigungu, Katosi, Kiyindi na mingine mingi ambayo haimo kwenye ramani za watalii. Wanaokwenda kutazama ndege huipita hiyo mialo bila kushuka garini. Wanakimbilia kinamasi cha Mabamba, wanampiga picha korongo nyangumi, wanarudi Kampala kula chakula cha mchana.

Ushauri wangu ni kuanzia mwaloni. Ndege wa ziwani, kenge, hata fisimaji, wote wameshajifunza kazi za wavuvi: nyavu zinatolewa saa ngapi, samaki wanapasuliwa wapi, mukene, wale samaki wadogo, wanaanikwa siku zipi. Ukiijua ratiba hiyo, hutahitaji kuzurura ukitafuta wanyama.

Miezi ya Septemba hadi Novemba ndiyo mizuri kuliko yote, kwa sababu mambo mawili yanakutana. Kwetu mvua za pili za mwaka zinaingia, wadudu wanazaliana, na baadaye senene wanaruka. Wakati huohuo, Ulaya na Asia baridi inakaribia na ndege wanaokula wadudu na samaki wadogo wanahamia kusini. Wengi wao wanatua hapa kupumzika. Wengine wanakaa hadi Machi au Aprili.

Hatua ya 1: Chagua wiki kwa kutazama mwezi angani

Kabla hujauliza nauli, uliza mwezi uko wapi. Mukene, ambao jirani zetu wa Kenya na Tanzania huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Taa inavuta samaki pale tu giza linapokuwa nene. Mwezi ukishapevuka, mwanga unasambaa juu ya maji yote na taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi wa mukene hupumzika siku kadhaa, wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Ukifika mwaloni katika siku hizo utakuta mchanga mtupu na yangeyange wachache waliokata tamaa.

Panga safari yako iangukie wiki ya giza, yaani siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama. Hapo kila asubuhi isiyo na mvua utakuta mukene wameanikwa kwenye nyavu kuukuu, kwenye vichanja au juu ya mchanga, na ndege wamejaa. Kuna faida nyingine: wingu la usubi wa ziwani, lile linaloonekana kwa mbali kama moshi unaoinuka majini, nalo huja zaidi karibu na siku hizohizo. Tutalirudia baadaye, maana lina uhondo wake.

Wavuvi wa sangara, ambaye hapa kila mtu humwita mputa, hawategemei mwezi kiasi hicho. Kwa hiyo kama huna budi kwenda wakati wa mbalamwezi, tafuta mwalo wa mputa.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Kwa mtu anayeanza, napendekeza Entebbe kama kituo. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, inashuka hadi majini kabisa, na ndani yake kuna mbega, tumbili, kasuku wa kijivu na shorobo mkubwa wa buluu ambaye hata asiyependa ndege atasimama kumwangalia. Utamwona pia fundichuma, ndege wa kahawia asiye na makuu, anayejenga kiota cha vijiti na matope kinachoweza kumbeba mtu mzima juu yake. Kutoka hapo boda boda inakufikisha Kigungu, Nakiwogo au Kasenyi kwa muda mfupi.

Ghuba ya Lutembe iko kati ya Kampala na Entebbe. Ni ndogo, hekta 98 tu, lakini mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, pamoja na ghuba ya Mabamba yenye hekta 2,424. Sababu kubwa ya Lutembe ni buabua wa mabawa meupe, ambao msimu huu hukusanyika kwa maelfu mengi kwenye visiwa vidogo vya matope na mafunjo. Sehemu ya kinamasi chake imejazwa udongo kwa ajili ya mashamba ya maua, na ukiona jinsi nyumba za plastiki zilivyosogea majini utaelewa kwa nini watu wa mazingira wanapiga kelele. Nenda uione sasa.

Mwenye siku nyingi avuke kwenda visiwa vya Ssese. Meli hutoka Nakiwogo hadi Lutoboka, na upande wa Masaka kuna kivuko cha Bukakata hadi Luku. Kule misitu inafika hadi ufukoni, na fisimaji ni rahisi zaidi kuwaona kuliko Entebbe.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za milimita 42, inatosha. Usishawishike na ya kukuza mara 12: mtumbwi ukitikisika kidogo huoni kitu. Beba koti la mvua, buti za mpira, kofia, maji ya kunywa na kavera (mifuko ya plastiki) nene mbili, moja ya simu na moja ya darubini. Noti ndogondogo ni muhimu kuliko lenzi kubwa, kwani mwaloni mwenye noti ya elfu hamsini asubuhi ni kero kwa kila mtu.

Buti za mpira si urembo. Maji ya kingoni yenye majani yana konokono wanaobeba kichocho, na ugonjwa huu umeenea sana katika vijiji vya ziwa. Usiingie majini peku ili upate picha nzuri. Ukilowa, jikaushe haraka kwa taulo, na baada ya wiki kadhaa nenda zahanati ukapime. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Chandarua nacho usikiache kama unalala kijijini.

Hatua ya 4: Jitambulishe kabla ya kutoa darubini

Hapa ndipo wageni wengi huharibu siku yao. Mwaka 2017 jeshi liliunda kikosi cha kusimamia uvuvi ziwani, na katika mialo mingi watu wamechomewa nyavu na mitumbwi iliyo chini ya futi 28. Mtu asiyejulikana, amevaa vizuri, anaelekeza darubini kwenye mitumbwi: mvuvi atamdhani mpelelezi, na askari atamdhani mwandishi wa habari. Pande zote mbili hazitafurahi.

Kwa hiyo, ukishuka, darubini ibaki mkobani. Ulizia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au kiongozi wa mwalo, umsalimie, umweleze umekuja kutazama ndege. Kiswahili kinasaidia sana mwaloni, kwa sababu watu wametoka kila kona: Baganda, Basoga, Wasamia, Waluo, Walugbara, na askari ambao lugha yao ya kazi ni hiyohiyo. Hata hivyo salamu ya kwanza ikiwa ya Kiganda, "Wasuze otya, ssebo," au "nyabo" kwa mama, inafungua mlango haraka zaidi. Kisha endelea kwa Kiswahili:

"Mzee, mimi napenda kutazama ndege. Nikisimama pale karibu na mukene nitawasumbua?"

"Simama tu, mwanangu. Ila usikanyage nyavu za mama."

Ukikutana na askari, ni "Jambo, afande," na maelezo mafupi ya ukweli. Usimpige picha yeye, boti yake wala kituo chake. Droni iache nyumbani: bila kibali utanyang'anywa, na Entebbe kuna uwanja wa ndege na kambi.

Hatua ya 5: Asubuhi, saa kwa saa

Jua linachomoza kati ya saa 12:25 na 12:45 hivi katika miezi hii. Uwe umefika saa 12 kamili, kukiwa bado kuna giza jepesi.

Wa kwanza kumsikia ni furukombe, tai mla samaki. Anatupa kichwa nyuma na kulia, na mwenzake anajibu kutoka mti mwingine; kila jozi ina kipande chake cha ufuko na inakitangaza kila alfajiri. Hesabu vilio, utajua mwalo una jozi ngapi. Fisimaji nao hutafutwa saa hiyo, kabla injini hazijaanza kunguruma, kwenye sehemu za mawe: kichwa bapa kinachokatiza maji, kinazama, kinaibuka mita kadhaa mbele na samaki mdomoni.

Kuanzia saa 1 mitumbwi ya mukene inarudi. Kaa mahali ambapo unaona maji na mchanga kwa pamoja. Angalia mdiria mweusi na mweupe, anayepiga mabawa akiwa amesimama hewani kisha anajitupa kichwa chini. Ndege huyu mdogo ana historia ya kisayansi: mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwalinganisha madiria wa Ziwa Viktoria na wale wa Naivasha, Kenya, akaona kuwa huku, ambako kuvua ni kugumu zaidi, wazazi hukubali madiria wengine wasio ndugu zao wawasaidie kulisha makinda. Ukiona madiria watatu au wanne wakipeleka samaki kwenye shimo moja la kingo, sasa unajua wanachofanya.

Mama wa mukene wakishamwaga samaki na kuanza kuwatandaza, ndege wanashuka: yangeyange, kwarara weupe wenye vichwa vyeusi, kunguru, na viluwiluwi wanaokimbia wakitikisa mikia na kuokota nzi badala ya samaki. Hapo utapata picha zako bora za siku nzima bila kusogea. Lakini mukene wakilowa wanaoza, na badala ya kuliwa na watu wanauzwa kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chini sana. Ndiyo maana mama hao wanatazama mawingu kuliko mtabiri yeyote. Ukiona wameanza kukunja nyavu haraka, mvua iko karibu. Weka kamera kavera, uwasaidie kukunja. Baada ya hapo utaruhusiwa kusimama popote.

Mitumbwi ya mputa hufika saa 2 hadi saa 4, nayo inaleta wageni wa aina nyingine. Samaki wanapimwa, wengine wanapasuliwa palepale, na matumbo yanatupwa. Kaloli, korongo mwenye upara na mfuko wa shingo ambaye watu wa Kampala wanamjua kutoka kwenye majalala, anasimama kama karani anayesubiri mshahara. Mwewe wanapita juu wakinyakua vipande bila kutua. Ukivumilia hadi jua likali, kenge watatoka kwenye mawe au vichaka vya kando kumalizia makombo. Wapishe njia: hawana haja na wewe, lakini mkia wao unauma.

Saa 5 hadi saa 9 alasiri, kula. Chapati ya kukunjwa na mayai ipo kila mwalo, na ngege wa kukaanga hapa ametoka majini asubuhi hiyohiyo.

Hatua ya 6: Tenganisha wageni na wenyeji

Uganda ina spishi zaidi ya 1,000 za ndege, na kitabu cha mwongozo kitakuchanganya kama hujui wapi pa kuanzia. Kwa msimu huu anza na jozi hizi, kwa sababu kila moja ina mgeni na mwenyeji wanaofanana.

Buabua na shakwe. Shakwe wa kichwa kijivu ni mwenyeji. Kisiwa cha Musambwa, kusini magharibi, ni mahali pake pakubwa pa kuzaliana. Ni mnene, mdomo na miguu ni myekundu. Buabua wa mabawa meupe ni mgeni, mdogo na mwembamba, na anaruka kama anayesitasita, akishuka kugusa maji kisha anapanda. Usitafute ule weusi unaouona vitabuni: hiyo ni nguo ya kuzaliana, na akifika hapa amekwisha kuivua. Mtambue kwa doa jeusi nyuma ya jicho na mgongo wa kijivu hafifu.

Mbayuwayu. Wanaoishi hapa mwaka mzima, mbayuwayu wa Angola, wana koo jekundu linaloshuka hadi kifuani, na tumbo la kijivu. Wale wanaofika kutoka kaskazini wana mstari mweusi mpana kifuani na tumbo jeupe au la rangi ya malai. Watazame wakiwa wamepumzika kwenye nyaya za umeme, siyo wakiruka. Wakiruka hata mtaalamu anabahatisha.

Mwewe. Mwenyeji aliyekomaa ana mdomo wa njano. Mwenye mdomo mweusi anaweza kuwa mgeni, ila makinda ya mwenyeji nayo yana mdomo mweusi, kwa hiyo usikimbilie kushangilia.

Chamchanga hawana wa kuwachanganya nao sana. Yule anayetikisatikisa mkia bila kuchoka kwenye mawe au kamba za mitumbwi ni mgeni, na mara nyingi amewatangulia wenzake wote, tangu Julai au Agosti. Keremkerem wa Ulaya utamsikia kabla ya kumwona: sauti laini ya kububujika kutoka juu sana, hasa asubuhi baada ya mvua. Inua macho, wapo kundi zima.

Hatua ya 7: Siku moja kwa ajili ya Mabamba

Simkatazi mtu korongo nyangumi. Ni ndege wa kimo cha zaidi ya mita moja, mdomo kama kiatu cha mbao, na anaweza kusimama palepale muda mrefu bila kutikisa unyoya akimvizia kamongo anayepanda juu kuvuta hewa. Wavuvi wa zamani walimwona kuwa ni mkosi: ukimkuta asubuhi, rudi nyumbani, hutavua kitu. Wengine walimuua kwa sababu hiyo. Leo wenyeji wa Mabamba wanaishi kwa kumwonyesha kwa wageni, na mkosi umekuwa mshahara.

Kutoka Entebbe unaweza kuvuka kwa mtumbwi wa abiria kutoka Nakiwogo, kisha boda boda. Kutoka Kampala barabara inapitia Kasanje. Fika kabla ya saa 2 asubuhi. Bei kwa kawaida ni ya mtumbwi mzima, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kupanda, na mkiwa watatu mnagawana. Mwambie anayeendesha mapema kwamba hutaki kumsogelea ndege mpaka aruke. Wengi wanasogea kwa kudhani ndiko kumpendeza mgeni. Njiani, ndani ya vijia vya mafunjo, tazama ndege mwenye vidole virefu mno anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi, na sikiliza kishindo cha nzohe, swala wa kinamasi, ambaye kumwona ni bahati.

Jambo lisilo na mjadala ni jaketi la kuokolea. Vaa, funga, kabla mtumbwi haujaacha ufuko, hata kama wenyeji wanacheka. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, hewa inakutana katikati na kupanda, na radi kali za ziwa hili hutokea usiku wa manane hadi asubuhi. Mvua hizo huua wavuvi kila mwaka. Ukiona ukuta mweusi upande wa kusini saa 1 asubuhi, subiri. Mara nyingi baada ya saa mbili tatu anga linafunguka. Mtumbwi ukijazwa watu kupita kiasi, shuka.

Kuhusu viboko na mamba, uliza kabla ya kutembea kando ya maji jioni. Katika wilaya za Mayuge na Namayingo mamba wamewahi kuua watu, na wenyeji wanajua hasa ni wapi pasipokanyagwa.

Hatua ya 8: Jioni na usiku

Saa 11 jioni rudi ufukoni uangalie upeo wa maji. Kama ni wiki ya giza, unaweza kuona nguzo za moshi mweusi zikisimama juu ya ziwa. Huo ni usubi, mamilioni ya wadudu waliotoka majini kwa pamoja. Hawaumi. Buabua na mbayuwayu wanaingia ndani ya wingu midomo wazi, na upepo ukilileta nchi kavu, kuta za nyumba hugeuka nyeusi. Funga mdomo, zima taa ya chumba, na usile nje.

Novemba, ambao kwa Kiganda ndio Musenene, huleta senene. Watu wanasimamisha mabati yanayong'aa, taa kali juu na mapipa chini. Wadudu wanavutwa na mwanga, wanateleza kwenye bati na kuingia pipani. Unaweza kwenda kutazama, hasa upande wa Masaka, lakini usikodolee taa, zinaumiza macho. Kuna pia mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata mwanga uleule: akitua kwenye ngozi mpulize, usimponde, maana majimaji yake yanachoma na kuacha malengelenge. Alfajiri inayofuata nenda chini ya taa za barabarani. Kunguru, mwewe na kwarara watakuwa wanakula mabaki, na watoto wenye ndoo wanashindana nao.

Hatua ya 9: Andika

Andika siku hiyohiyo, kabla ya kulala: mwalo, saa, hali ya anga, mwezi uko katika hatua gani, ndege gani na wangapi. Ukishindwa kuhesabu kundi, hesabu kumi, kisha kadiria kumi ngapi zinaingia katika kundi zima. Programu ya eBird inapokea orodha hata bila intaneti na kuzituma baadaye, nayo ni ya bure. Tarehe ya kwanza ya kumwona kila mgeni ndiyo taarifa yenye thamani zaidi, kwa hiyo usiipuuze hata kama ni mbayuwayu mmoja tu kwenye waya. Ukifika mwaloni mara ya pili, mwonyeshe kiongozi wa mwalo orodha hiyo. Mara nyingi atakuongezea aliowaona yeye tangu ulipoondoka, na atakuambia mukene wanaanza tena lini.